KUNG'OA MENO MENGI KWA SIKU MOJA: TUANZE KUJIANDAA NYUMBANI

Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32. Lakini wengi wetu tukifika uzeeni hatuna meno kamili. Mengine yametoka, mengine yameoza, mengine yanacheza. Tunavumilia mwaka baada ya mwaka. Halafu siku moja shavu linavimba, usiku haulaliki, ndipo tunakwenda hospitali. Tabibu wa meno akichungulia anasema, "Mama, hapa si jino moja. Ni meno 6."

Sasa je, yang'olewe yote siku hiyo hiyo? Hospitali iko mbali, nauli ni ghali na shamba linangoja. Kila mtu angependa kumaliza siku moja. Jambo hilo linawezekana, lakini lina masharti yake. Kung'oa jino 1 ni kidonda kimoja. Kung'oa meno 6 ni vidonda 6 ndani ya kinywa kimoja, na mwili ni ule ule mmoja unaozuia damu na kuponya vidonda vyote. Kwa hiyo kazi hii haianzi kwenye kiti cha tabibu. Inaanza nyumbani.

Tupime presha kabla ya kulipa nauli

Watu wengi wana presha ya kupanda bila kujua, kwa sababu presha haiumi. Mgonjwa anasafiri, anafika, anapimwa, presha iko juu sana. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, kwa kawaida tabibu huahirisha kazi mpaka ishuke. Nauli imekwenda bure.

Basi tupite kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tupimwe presha na sukari. Ikiwa iko juu, tutibiwe kwanza. Anayetumia dawa za presha azimeze asubuhi ya siku hiyo kama kawaida, asiache kwa kuogopa kuchanganya dawa na ganzi.

Tusimfiche tabibu kitu

Wengine huficha ugonjwa kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Hapana, ndugu zetu. Wazee walisema: Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Tabibu aelezwe mambo haya kabla hajashika koleo:

1. Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au selimundu.

2. Kama ukijikata damu yako hukawia kuganda, au katika ukoo wenu wapo wenye tatizo hilo.

3. Kama una mimba. Jino linaloumiza hutibiwa hata kwa mjamzito, lakini kazi kubwa isiyo ya haraka husubiri.

4. Dawa zote unazomeza, pamoja na dawa za miti shamba na dawa za virusi vya Ukimwi. Usihangaike na majina yake. Chukua vidonge na kadi yako ya kliniki, uvionyeshe.

5. Kama uliwahi kuvimba, kuwashwa au kushindwa kupumua baada ya kupewa dawa yoyote.

Wapo waliopewa dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, au aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo. Wasiiache kwa shauri lao wenyewe. Damu ikiganda ndani ya moyo au ubongo, hatari yake ni kubwa kuliko kidonda cha jino. Tabibu ndiye atakayepanga la kufanya. Huenda akasema, "Leo tung'oe mawili, mengine baadaye." Hiyo si dharau wala uvivu. Ni kulinda maisha yako.

Asubuhi ya siku yenyewe

Tule au tusile? Hapo watu wengi hukosea. Ikiwa utachomwa sindano ya ganzi tu, kula chakula chako vizuri. Mwenye njaa anaweza kuzimia kitini. Mwenye kisukari ndiye hasa asikae na njaa: ale, ameze dawa zake kama kawaida, na aombe kazi yake ifanyike asubuhi. Lakini ikiwa utapewa dawa ya usingizi, usile. Hospitali itakuambia uache kula na kunywa saa ngapi. Fuata maneno hayo bila kupunguza hata saa 1.

Piga mswaki vizuri. Kinywa safi hupunguza uchafu unaoingia kwenye vidonda. Usinywe pombe, na uache sigara na ugoro mapema kadiri uwezavyo.

Nenda na mtu. Baada ya meno mengi kutoka, mdomo una ganzi, mwili umechoka na maelekezo ni mengi. Mwenzako atayasikiliza. Tena si vizuri kurudi peke yako juu ya bodaboda ukiwa na kizunguzungu.

Nyumbani nako kuandaliwe. Chumvi iwepo, mto wa kuinua kichwa uwepo, na chakula laini: uji, mtindi, viazi vilivyopondwa, mchuzi wa samaki asiye na miba. Kazi nzito za siku zinazofuata, kama kulima na kubeba maji, apewe mtu mwingine.

Baada ya kung'olewa

Uma pamba kwa nguvu muda wa nusu saa hadi saa 1. Usiitoe kila mara kuangalia. Usisukutue wala kutema mate kwa nguvu kwa saa 24. Damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huja siku ya 2 au ya 3. Sigara nayo huleta balaa hilo.

Usinywe chai ya moto ganzi ikiwa bado, utajiunguza bila kujua. Usimeze aspirini kutuliza maumivu, maana huzidisha damu. Baada ya saa 24, sukutua polepole kwa maji ya vuguvugu: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi 1.

Rudi upesi hospitali ikiwa damu haikomi hata baada ya kuuma pamba, ikiwa una homa, au uvimbe unazidi baada ya siku ya 3. Ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje kuche.

Na meno mapya je?

Meno ya kuvaa na kuvua huwekwa baada ya fizi kupona na kutulia, jambo linaloweza kuchukua miezi. Yakiwekwa mapema, hulegea fizi zinaponywea.

Yapo pia meno ya kupandikiza. Skrubu ndogo ya madini ya titani huingizwa ndani ya mfupa wa taya, na jino hufungwa juu yake. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Siku hizi mgonjwa mwingine hung'olewa meno, hutiwa skrubu na kupewa meno ya muda siku hiyo hiyo. Lakini mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu sawasawa. Gharama yake ni kubwa. Maandalizi ni haya haya, ila taya hupigwa picha kwanza, na mvuta sigara au mwenye sukari isiyotulia huambiwa ajirekebishe kabla.

Ndugu wasomaji, jino bovu tunaweza kulitoa kwa dakika chache. Usalama wa mwenye jino huandaliwa kwa siku nyingi. Anayejua kusoma katika nyumba amsomee asiyejua, hasa mzee anayetarajia safari hiyo.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini tupime presha kabla ya kusafiri?
2. Ni nani anayepaswa kula kabla ya kung'olewa, na nani asile?
3. Kwa nini hatusukutui kwa saa 24?