Askari wa karatasi: Unda jeshi la mezani bila kumsahau mpagazi

MPENZI wa michezo ya vita vya mezani anayeishi Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, hana haja ya kuagiza askari wa plastiki kutoka ng'ambo. Kompyuta, printa, gundi na karatasi nne ngumu zatosha kumpa majeshi mawili.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells aliueleza katika kitabu chake, Little Wars, mwaka wa 1913, mwaka mmoja kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kufika Afrika Mashariki.

Kazi huanza kwa mchoro. Askari wa milimita 28 ni sawa na mtu wa sentimita 168 aliyepunguzwa mara 60. Sura ya mbele huchorwa wima, na ya mgongo juu yake ikiwa imepinduliwa, vichwa vikigusana, ili karatasi ikikunjwa pande zote mbili zilingane. Kila mwisho huongezewa milimita 10 za kusimamishia.

Hivyo kila askari huchukua milimita 76 kwa 20, na karatasi ya A4 hubeba safu tatu za askari tisa, yaani 27.

Karatasi ya gramu 160 hadi 200 ndiyo ifaayo. Printa iwekwe kuchapisha kwa asilimia 100, la sivyo huenda ikawapunguza askari. Wino ukaushwe kwanza, kwani aina nyingine huchujuka zikiguswa na gundi ya majimaji. Kisha karatasi hukunjwa, hugandishwa, na mwishowe hukatwa kwa wembe. Miguu hubandikwa kwenye kipande cha kadibodi.

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 ni mfano mwema. Uingereza ilileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, wakashindwa na takriban 1,000 wa Ujerumani, wengi wao Waafrika. Askari mmoja wa karatasi akiwakilisha watu 100, mchezaji ahitaji 80 dhidi ya 10.

Karatasi nne hutoa 108, hivyo hubaki nafasi 18. Hizo zafaa kuwa za wapagazi.

Vita vya Afrika Mashariki viliendelea hadi Novemba 1918, na zaidi ya wapagazi 40,000 wa upande wa Uingereza walifariki, wengi kwa maradhi. Jina la mtaa wa Kariokor latokana na kikosi chao.

Asiyejua jinsi ya kumchora mpagazi aifuate Barabara ya Ngong hadi katikati ya jiji. Kwenye Kenyatta Avenue zimesimama sanamu tatu za shaba, na mmojawapo ni mpagazi.

Mezani, kanuni moja yatosha: kikosi kisicho na wapagazi kisisonge mbele. Mchezo unaowaacha nje hufunza historia nusu.