Nakuru: Viwanda Havioti Kama Uyoga

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa jiografia nchini Kenya amefunzwa kwamba kiwanda hujengwa mahali palipo na malighafi, nguvu za umeme, njia za usafiri, wafanyakazi na soko. Akiulizwa katika mtihani kwa nini Nakuru ulipata kuwa mji wa viwanda, hutaja reli, ngano, maziwa na pareto, na hupata alama zake zote. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Ardhi ya Njoro na Molo ingali na rutuba. Barabara kuu ingali inapita pale pale. Umeme unafuliwa katika wilaya jirani kwa wingi usiowahi kuonekana. Hata hivyo, baadhi ya viwanda vilivyoupa mji huu sifa vimefungwa au vimebaki maganda matupu. Ikiwa neema za jiografia hazikuondoka, ni kitu gani basi kilichoondoka?

Kilichoondoka, kwa maoni yangu, ni tabaka lenye nguvu lililohitaji viwanda hivyo viwepo na lililoweza kuitumia serikali kuvilinda. Viwanda havioti kama uyoga baada ya mvua. Hupandwa, humwagiliwa maji na hupaliliwa, na mwenye kushika jembe hilo ni dola. Swali ni nani anayeiongoza dola yenyewe, na kwa faida ya nani.

Tuitazame historia. Reli kutoka Mombasa ilipopita hapa mwaka wa 1900, uwanda wa kati wa Bonde la Ufa ulikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka wa 1904 wakahamishwa kwa mapatano ambayo upande mmoja ulikuwa na bunduki na kalamu kwa pamoja. Walowezi waliochukua nafasi yao walikuwa wachache, na wengi hawakuwa mabingwa wa kilimo. Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro, alipoteza mifugo kwa maradhi na ngano kwa ugonjwa wa kutu. Kama soko huria lingeachiwa kuamua, walowezi wengi wangefilisika na kurejea makwao.

Lakini soko halikuachiwa kuamua. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi hati za kukodi za miaka 999. Sheria ya maskwota ya 1918 ilimtaka Mwafrika aliyeishi katika shamba la mzungu amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kodi na kipande vikawasukuma vijana kutoka vijijini hadi mashambani. Reli ilibeba mazao ya walowezi kwa nauli ya chini. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mlowezi aliuza gunia la mahindi kwa bei iliyozidi ile aliyolipwa mkulima Mwafrika, ijapokuwa tumbo la mlaji halikujua tofauti ya mahindi hayo.

Katika kivuli cha mti huo ndipo viwanda vilipochipuka. Delamere alianzisha kampuni ya Unga mwaka wa 1908. Chama cha wakulima, KFA, kiliundwa mwaka wa 1923 na kufanya Nakuru makao yake makuu. Kampuni ya maziwa, KCC, ilianza Naivasha mwaka wa 1925. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kikafunguliwa Njoro mwaka wa 1927, na chuo cha kilimo cha Egerton mwaka wa 1939. Utafiti, elimu, mikopo, usafiri, usagishaji na uuzaji vilifungamana kama nyuzi za mkeka mmoja. Mpango ule ulikuwa wa dhuluma, wala haufai kusifiwa. Hata hivyo, unatufundisha kwamba tabaka dogo lililoishika serikali liliweza kujenga msingi wa viwanda katika muda wa miaka 30 hivi.

Uhuru ulipokuja, waliobadilika walikuwa wenye viti, lakini meza ilibaki ile ile. Mashamba makubwa yalinunuliwa na wakubwa wapya, na mengine na kampuni za wananchi waliochanga senti zao. Serikali ikapitisha mwaka wa 1964 sheria ya kulinda mitaji ya kigeni, iliyowahakikishia wawekezaji kwamba wangeweza kuhamisha faida zao nje. Wakati huohuo ikazuia bidhaa za nje kwa ushuru na leseni. Kampuni kubwa za ulimwengu zilielewa ujumbe huo: mwenye kutaka kuuza Kenya, na aje atengenezee Kenya.

Mfano bora ni kiwanda cha betri cha Eveready, kilichoanza Nakuru mwaka wa 1967 kikiwa na asili ya Marekani. Mwanafunzi na aangalie vizuri jambo hili. Betri kavu, au mawe ya tochi kama tunavyoyaita, huhitaji zinki na manganizi. Madini hayo hayachimbwi Menengai wala Bahati. Kwa hiyo kile kitabu cha jiografia hakiwezi kutueleza kwa nini kiwanda kile kiliwekwa Nakuru. Kilicholetwa na kiwanda kile ni soko lililozungushiwa ua na serikali. Tochi na redio za Afrika Mashariki zikawaka kwa mawe ya Nakuru, na mamia ya familia zikalisha na kusomesha watoto kwa mishahara yake.

Katika miaka ya 1970 wasomi walibishana vikali juu ya maana ya viwanda vya aina hii. Mwaka wa 1975, Colin Leys alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba mabwanyenye wa Kenya walikuwa mawakala tu wa mtaji wa kigeni. Mwaka wa 1978 akaubadili msimamo wake, akakubali kwamba palikuwa na tabaka la mabepari wenyeji waliokuwa wakiitumia serikali kujijengea uchumi wao. Mjadala huo haujaisha, na Nakuru inatusaidia kuupima. Mabepari wenyeji wapo, hilo halina shaka. Lakini sehemu kubwa ya mali yao imezama katika ardhi, majumba ya kupangisha na biashara ya kuagiza bidhaa. Mwenye kuagiza hana haja ya ua. Ua ni adui yake.

Ndiyo maana miaka ya 1990 ni muhimu sana katika simulizi hili. Chini ya shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, leseni za kuagiza bidhaa zilikuwa zimeondolewa kufikia mwaka wa 1993, na ushuru ukapunguzwa. Wengi husema kwamba serikali ilijiondoa katika uchumi. Mimi nasema haikujiondoa. Ilihamia upande mwingine. Kufungua mlango nako ni uamuzi, na wapo waliokuwa wamejipanga nje ya mlango huo wakingoja.

Betri za bei ya chini kutoka Asia zilifurika madukani, nyingine zikiwa bandia. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa mwaka wa 2008, lakini sheria bila mkono wa kuitekeleza ni kama mbwa asiye na meno. Ni haki pia tuseme kwamba simu ya mkononi na taa ya jua zilipunguza haja ya tochi. Kampuni ya Eveready iliuza hisa zake kwa umma mwaka wa 2006, na wananchi wakazigombea. Mwaka wa 2014 kiwanda kikafungwa, na kampuni ikabaki kuuza bidhaa zilizotengenezwa nje. Jina la biashara halikufa. Kilichokufa ni kazi ya Nakuru.

Mkasa wa pareto una sura tofauti kidogo, nao unatuzuia kuwalaumu wageni peke yao. Ua hili lililetwa na walowezi, na vita vilipokatiza biashara ya Japani, Kenya ikashika usukani wa ulimwengu. Kwa miongo mingi nchi yetu ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Wakulima wadogo wa Molo, Njoro na Kinangop walichuma, wakakausha, na kiwanda cha Bodi ya Pareto mjini Nakuru kikakamua dawa. Lakini dawa hiyo ilisafirishwa ikiwa malighafi, na kampuni za ng'ambo ndizo zilizoitia katika mikebe na kuipa jina. Faida nono ilipatikana huko.

Ubepari wa ulimwengu haukulala. Maabara za Uingereza zilivumbua dawa za kemikali zinazoiga pareto katika miaka ya 1970, na kisiwa cha Tasmania, Australia, kikaanza kuilima kwa mashine. Wakati ushindani huo ukikaza, bodi yetu ilifanya nini? Ilikaa bila kuwalipa wakulima kwa miezi, kisha kwa miaka. Bodi ilibeba jina la mkulima, lakini funguo zilikuwa mikononi mwa wateule wa serikali. Mkulima aliyechoka kungoja aling'oa pareto akapanda viazi. Leo mgawo wa Kenya katika soko la ulimwengu ni mdogo mno. Baada ya sheria ya 2013 kuruhusu kampuni za binafsi, zao hili limeanza kufufuka polepole, lakini imani iliyovunjika haiungwi kwa gundi ya hotuba.

Tusisahau pia kwamba katika sehemu hizohizo za pareto kulizuka mapigano mwaka wa 1992, tena baada ya uchaguzi wa 1997, na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Pale ambapo ardhi ndiyo mali pekee ya kugombewa, na viwanda vya kuwaajiri vijana havipo, ni rahisi kwa mwanasiasa kumwelekeza maskini wa kabila hili kwa maskini wa kabila lile. Wenye mashamba makubwa huwa hawamo katika ugomvi huo.

Kule Naivasha kuna sekta inayositawi: maua. Hata hapo yafaa tuangalie ni nani mwenye usemi. Waridi huchumwa na mikono ya vibarua, wengi wao wanawake, huruka usiku kwenda Ulaya, na bei yake huamuliwa katika mnada wa Uholanzi au na maduka makubwa ya Uingereza. Mnamo Oktoba 2014, kwa kuwa mkataba wa biashara na Jumuiya ya Ulaya ulikuwa umechelewa, maua ya Kenya yalitozwa ushuru hadi mwisho wa mwaka. Serikali ilikimbia huku na huko, na mkataba ukaafikiwa. Mwaka huo ndio ambao Eveready ilifunga lango. Linganisheni mambo haya mawili. Wauzaji wa maua walikuwa na sauti iliyosikika Nairobi na Brussels. Wafanyakazi wa betri hawakuwa nayo.

Sasa tumepewa nafasi nyingine. Mvuke wa Olkaria, ulioanza kufua umeme mwaka wa 1981, pamoja na visima vya karibu, unatoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa nchi. Reli mpya iliyojengwa kwa mkopo wa China ilifika upande wa Suswa Oktoba 2019, na ukanda maalumu wa kiuchumi umetengwa Naivasha kwa ahadi ya umeme wa bei nafuu. Nakuru nayo ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kwa mara nyingine tena neema za jiografia zimekusanyika. Lakini tayari dalili za zamani zinaonekana. Wamaasai waliohamishwa mwaka wa 2014 kupisha mitambo ya Olkaria walilazimika kupeleka malalamiko yao hadi Benki ya Dunia. Ni kana kwamba mwaka wa 1904 haujaisha.

Wapo watakaosema kwamba katika uchumi wa leo taifa dogo halina uwezo wa kuchagua. Siamini hivyo. Korea ya Kusini ilipojenga viwanda vyake kuanzia miaka ya 1960, iliwapa mabepari wake mikopo na ulinzi, lakini ikawadai matokeo: uza nje, la sivyo msaada unakatwa. Serikali ile iliwakandamiza wafanyakazi wake, na hilo si la kuigwa. Lakini somo la kumdai bepari malipo kwa ulinzi anaopewa ni somo halali. Sisi tuliwapa ulinzi bila kuwadai, kisha tukaondoa ulinzi bila kuwaandaa.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba wawekezaji wanakuja Naivasha, tusiulize tu watakuja na mabilioni mangapi. Tuulize umeme nafuu watakaopewa utadaiwa nini. Ni vijana wangapi watafunzwa ufundi, na wakulima gani watauza mazao yao humo? Chama cha wafanyakazi kitaruhusiwa kuingia langoni? Msamaha wa kodi utakapokwisha, kiwanda kitabaki au kitafungasha virago? Na mkulima wa pareto atakuwa na kiti katika bodi, au ataendelea kusomewa maamuzi?

Walimu wanaweza kuanzia hapo darasani. Waorodheshe sababu za jiografia kama kawaida, kisha waongeze safu moja ubaoni: nani aliamua? Mwanafunzi atakayejifunza kuijaza safu hiyo hataridhika kuambiwa kwamba kiwanda kilifungwa kwa sababu ya "hali ya soko". Atataka kujua soko hilo lilitengenezwa na nani. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Lakini hawakusema umpishe milele.