Dawa za sonona hubadili namna tunavyowasoma wenzetu

Mgonjwa wa sonona anapoanza kumeza dawa, kwa kawaida huambiwa asubiri wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya miaka 20 unaonyesha kuwa dawa hizo huanza kazi mapema zaidi, ila mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hapaoni: katika namna ubongo wake unavyopokea hisia za watu wengine.

Jambo hilo si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huo. Baadhi yao huacha tiba katika siku za mwanzo, wakiamini kuwa dawa haiwasaidii.

Jicho la sonona

Sonona si huzuni peke yake. Humfanya mtu ayaone mabaya upesi na mema kwa shida. Uso mtulivu wa jirani humwonekea kama umenuna. Neno la sifa hulisahau, lakini la lawama halimtoki kichwani.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, wakiongozwa na Profesa Catherine Harmer, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wagonjwa wa sonona walipewa dozi moja tu ya dawa iitwayo reboxetine. Saa chache baadaye, wagonjwa hao walitambua nyuso zenye furaha vizuri zaidi kuliko wagonjwa wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote. La kushangaza ni kwamba wenyewe hawakujihisi kuwa na nafuu.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba dawa haimwagi furaha moyoni. Kwanza hurekebisha habari zinazoingia akilini. Mtu anayeanza kuona tabasamu pale alipozoea kuona dharau, huitikia salamu, hukubali mwaliko na hurudi barazani kwa wenzake. Mambo hayo madogo yanapokusanyika siku hadi siku, ndipo moyo nao hufuata. Kwa mantiki hiyo, dawa bila watu wa kumpa mgonjwa mema ya kuyaona ni nusu ya tiba.

Hasira na huruma

Dawa hizo hugusa pia mwenendo. Mwaka 2010, Molly Crockett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza jinsi watu wazima wenye afya waliopewa citalopram, dawa inayoongeza kemikali ya serotonini, walivyocheza mchezo wa kugawana fedha. Anayepewa mgawo mdogo kupita haki ana hiari ya kuukataa, na akikataa wote wawili hukosa. Waliomeza dawa hiyo walikataa mara chache zaidi, na walichukizwa zaidi na wazo la kumdhuru mtu mwingine.

Hisia zinapofifia

Upande wa pili wa shilingi ni malalamiko ambayo madaktari huyasikia mara kwa mara: machozi yamekauka, lakini na kicheko nacho kimekwenda. Watafiti wa Cambridge na Copenhagen walieleza mwaka 2023 kuwa kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotumia dawa za kundi la citalopram huenda wakapatwa na hali hiyo. Katika jaribio lao, watu 66 wenye afya walimeza escitalopram au kidonge kisicho na dawa kwa siku zisizopungua 21. Umakini na kumbukumbu za waliopewa dawa havikuathirika, ila uwezo wao wa kujifunza kutokana na tuzo ulipungua.

Katika ndoa, hali hiyo huweza kudhaniwa kuwa mapenzi yamekwisha, kumbe ni athari ya dawa, au sonona yenyewe ambayo haijapona.

Mgonjwa anayeiona dalili hiyo hapaswi kuacha dawa ghafla, kwani kufanya hivyo huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Amweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa au kuongeza ushauri nasaha. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa baadhi yao huweza kupata mawazo ya kujiua. Nduguze watu hao nao wana kazi: mara nyingi wao ndio huyaona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe.