Habari za Nchi ya Alaska

Alaska ni jimbo la 49 la Marekani, nayo iko mbali upande wa kaskazini-magharibi, imetengwa na majimbo mengine kwa nchi ya Kanada iliyo katikati. Eneo lake lapata kilomita za mraba 1,700,000, karibu mara mbili ya Tanzania, na wakazi wake wote ni kama 730,000, wachache kuliko watu wa Unguja. Warusi waliiuza mwaka 1867 kwa dola 7,200,000, na mwaka 1959 ikapata daraja ya jimbo. Mji mkuu ni Juneau, haufikiwi ila kwa meli au ndege. Mali yake ni mafuta, samaki na dhahabu. Mlima wake Denali una mita 6,190. Hesabu nyinginezo zimo katika vitabu vya jiografia, nami naziachia huko, kwa kuwa tangu nirejee kutoka Alaska moyo wangu haujashughulika ila na jambo moja, nalo ni mbwa.

Kila mwaka mwanzoni mwa Machi hufanyika huko mashindano yaitwayo Iditarod, ambapo mtu mmoja, amesimama nyuma ya sleji, chombo chepesi kisicho na magurudumu kitelezacho juu ya theluji, huvutwa na mbwa wapatao 16 kutoka pande za Anchorage hata mji wa Nome ulio kando ya Bahari ya Bering, masafa ya maili 1,000 hivi, ambayo ni kama kutoka Mombasa hata Kigali kwa njia ya malori. Hupita milimani, hupita juu ya mto Yukon ulioganda, na mwishowe hupita juu ya barafu ya bahari yenyewe, katika baridi iwezayo kushuka hata digrii 40 chini ya sifuri. Mtu huyo mimi namwita nahodha, kwani sikupata jina limfaalo zaidi. Hana hatamu mkononi. Huwaongoza kwa sauti tu, akisema “ji” wakaenda kulia, na “ho” wakaenda kushoto, na wawili walio mbele, ambao ndio marubani, hulisikia neno lake na kuwapindua wenzao wote.

Nalijaaliwa kukaa siku kadhaa kwa nahodha mmoja karibu na Willow, huko huko Alaska, naye akanieleza kuwa matayarisho huanza mwisho wa kiangazi, theluji haijaanguka bado, mbwa wakifungwa mbele ya kigari cha magurudumu manne na kukivuta maili mbili tatu katika ubaridi wa alfajiri, kisha masafa yakazidishwa kidogo kidogo, hata majira ya baridi yakiwa katikati waweze kukimbia maili hamsini, wakalala, wakaamka wakakimbia tena. Vyakula hukatwa, hupimwa na kutiwa magunia, yakapelekwa kwa ndege hata vituo vya njiani wiki kadhaa kabla ya safari. Mbwa mmoja mwenye kilo ishirini na kitu hula katika mbio hizo kalori zipatazo 10,000 kwa siku, mara nne au tano ya chakula cha mtu mzima. Kabla ya kuondoka hupimwa damu na moyo. Watu wangapi kwetu wamepata kupimwa moyo?

Lakini lililonishika zaidi ni miguu. Kila mbwa huvishwa viatu vinne vya kitambaa ili barafu isimkate nyayo, na mbwa 16 wana miguu 64, na viatu hivyo hutoboka upesi. Nahodha akifika kituoni, hata awe amekesha siku mbili, huwatandikia mbwa majani makavu, huyeyusha theluji kwa jiko lake apate maji ya moto, huwapikia, kisha hupiga magoti akashika mguu mmoja mmoja, akautazama kati ya vidole, akaupaka marhamu, na matabibu wa wanyama huja kuwakagua naye amesimama kando. Yeye hula mwisho. Mbwa aliyechoka huachwa kituoni, akarejeshwa kwa ndege. Kanuni zamlazimu nahodha apumzike mara moja saa 24 kamili, na mara mbili saa nane nane. Hata hivyo mbwa wamepata kufa njiani katika miaka mbalimbali, na wako Wamarekani wanaoyapinga mashindano haya kwa sababu hiyo, nami sikuona haki kulificha.

Asili ya taadhima hii kwa mbwa ni ya zamani. Mwaka 1925 dondakoo iliingia Nome, na dawa ikafika kwa gari la moshi mpaka mji wa Nenana tu, ndipo manahodha 20 wakapokezana kuichukua kwa mbwa, maili 674 kwa muda wa saa 127 hivi. Baadaye pikipiki za theluji zilipoanza kuwafukuza mbwa vijijini, mtu mmoja, Joe Redington, akaona wataangamia, akayaanzisha mashindano haya, na mwaka 1973 yakafika Nome kwa mara ya kwanza. Mwaka 1985 Libby Riddles, hali wenzake wamejizuia kwa dhoruba, alitoka kijiji cha Shaktoolik akaingia juu ya barafu ya bahari, naye akawa mwanamke wa kwanza kushinda.

 

Sisi watu wa Pwani twaijua hukumu ya Kiislamu ya mate ya mbwa, kuwa ni najisi, wala siibishi. Lakini twaijua pia hadithi ya yule aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Nasi hatumfungi mbwa, twamfunga punda. Nimewaona Lamu punda wenye vidonda vibichi mgongoni wakipakiwa mchanga na saruji jua kali, na mwenye punda amekaa kivulini anakula. Hapana theluji hapa, wala hapahitajiwi ndege wala tabibu wa moyo. Ewe msomaji mwenye punda, jioni hii kabla hujala, inua kwato zake moja moja, uzitazame.