Fimbo ya Mbali: Kuichunguza Seva Isiyofikika kwa Mkono

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika uwanja wa tarakilishi, methali hii imetiwa kwenye mizani upya. Seva inayohifadhi tovuti ya chama au picha za miswada ya tenzi huweza kuwa Ulaya, ilhali msimamizi wake yuko Eldoret. Ikikwama, hana budi kuitibu akiwa huko huko aliko. Makala haya yanafafanua zana anazohitaji: ile ya kuingia sevani kutoka mbali na ile ya kuhamishia faili.

Itifaki ya kuhamisha faili, FTP, ilipendekezwa na Abhay Bhushan mwaka wa 1971. Telnet, ya kuiamuru tarakilishi kutoka mbali, ni ya enzi hiyo hiyo. Zote mbili zilikuwa na kasoro moja kubwa: nywila ilisafiri wazi, mithili ya barua isiyo na bahasha. Mwaka wa 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake nchini Ufini, Tatu Ylönen alibuni SSH, ambayo huyafumba mawasiliano yote. Wanaotumia Windows huifikia kupitia programu kama vile PuTTY na WinSCP.

Uchunguzi wenyewe huwa na hatua. Kwanza, SSH humwonyesha mtumiaji alama ya utambulisho wa seva anapoingia kwa mara ya kwanza. Yafaa ailinganishe na ile aliyopewa na wenye seva, la sivyo huenda akamkabidhi laghai nywila yake. Pili, ikiwa seva ni ya Linux, amri ya df -h humjulisha nafasi iliyobaki diskini, kwani diski iliyojaa huizuia seva kuandika lolote jipya. Tatu, faili za kumbukumbu, ambazo aghalabu huwa katika /var/log, hueleza kosa lilitokea lini na wapi. Amri ya tail huonyesha mistari 10 ya mwisho ya faili. Kabla ya kurekebisha chochote, ni busara kuzinakili faili hizo kwa SFTP, ili ushahidi usipotee.

Aidha, FTP ina hali mbili kuu za kuhamisha: ya matini na ya baiti. Katika hali ya matini, alama za mwisho wa mstari huweza kubadilishwa. Picha ya mswada ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ikihamishwa hivyo huharibika, na iwapo ile ya awali imekwisha kufutwa, hasara haina fidia. Kwa hivyo, nakala ifunguliwe na kukaguliwa kwanza; kufuta kufuate baadaye.

Ni dhahiri, basi, kwamba fimbo ya mbali siku hizi huua nyoka. Hata hivyo, ikiangukia mikononi mwa adui, itamfikia mwenyewe kwa wepesi ule ule.