Sampuli Kama Ilivyopokelewa

Chini kabisa ya ripoti ya maabara inayopima dawa, mahali ambapo jicho la msomaji huwa limeshachoka, huandikwa kwamba matokeo yanahusu vile vilivyopimwa peke yake. Kama maabara haikwenda yenyewe kuchukua sampuli, huongezwa kuwa ni sampuli kama ilivyopokelewa. Hayo si maneno ya wakili anayemkinga mteja wake. Yanadaiwa na kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025. Ukiwa Nairobi unaweza kuyaruka bila hasara kubwa. Yapeleke kwenye barabara inayotoka Lodwar, ikapita Kakuma na Lokichoggio hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ndipo uzito wake unapojitokeza.

Tuanze na mkono wa mpimaji. Kifaa ambacho Bodi ya Famasia na Sumu imewahi kukitumia kukagua dawa za malaria huitwa Minilab, maabara iliyofungashwa sandukuni na shirika moja la Ujerumani. Mpimaji huponda tembe, huiyeyusha, kisha kwa kimrija chembamba hudondosha tone kwenye ukingo wa bamba dogo. Kando yake hudondosha matone mawili ya dawa halisi: moja la nguvu kamili, jingine la asilimia 80. Bamba husimamishwa chupani penye kiyeyusho kidogo, nacho hupanda taratibu kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini, kikiibeba dawa. Likikauka humulikwa kwa taa ya urujuanimno, na madoa meusi hujitokeza kwenye mng'ao wa kijani. Hapo kazi yote inarudi machoni. Je, doa la tembe limepanda kimo kile kile? Limekolea kama wenzake? Tembe iliyotengenezwa kwa chokaa haiachi doa lolote, na mpimaji hana haja ya kusita. Lakini yenye asilimia 85 na yenye 95 hufanana mno kwa macho. Tena tembe ngumu isiyosambaratika tumboni yaweza kuacha doa zuri kabisa, maana ilishapondwa. Ndiyo sababu sandukuni mna pia jaribio la kuitumbukiza tembe nzima kwenye maji yenye joto la mwili na kuhesabu nusu saa. Mpimaji akimaliza yote hayo haandiki kwamba dawa ni nzuri. Huandika kwamba imekidhi, au haijakidhi, kiwango alichoambiwa apime. Msamiati wake ni mwembamba kwa makusudi, na sisi tunaoupokea ndio tunaounenepesha.

Ndiyo maana kufeli na kupita havina uzito mmoja. Tembe iliyofeli imefichua jambo. Iliyopita imenyamaza tu kuhusu yale ambayo haikuulizwa. Mjini Lahore, Pakistan, mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, wagonjwa zaidi ya 200 walikufa baada ya kupewa tembe za moyo katika hospitali ya umma. Dawa ya moyo ilikuwemo ndani ya tembe zile, lakini walichokuja kukikuta wachunguzi wa London ni dawa ya pili, pyrimethamine ya malaria, ambayo haikutakiwa kuwemo kabisa. Hata swali likiwa moja, majibu hutofautiana. Aprili 2024 Nigeria ilitangaza kuwa imekuta sumu ya diethylene glycol katika bechi nambari 329304 ya Benylin, dawa ya kikohozi ya watoto, na Kenya ikaamuru irudishwe. Mtengenezaji, Kenvue, akasema ameipima bechi hiyo asiikute. Mzazi aliyeshika chupa amwamini nani?

Kwa Turkana, kaunti ya barabara ile ya Lodwar, kuna shahidi mwingine asiyeitwa, nalo ni joto. Pakiti za AL, dawa ya malaria inayojulikana na kila mama wa huku, huandikwa zisiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 30. Lodwar mchana huvuka nyuzi hizo karibu mwaka mzima. Oksitosini, sindano inayozuia mama aliyejifungua asivuje damu hadi kufa, inataka nyuzi 2 hadi 8. Cheti cha Nairobi hakisemi uongo, ila kinaieleza chupa ambayo haikupanda lori.

Wako watakaosema kuwa maneno kama haya yanavunja imani ya watu na kuwarudisha kwa wachuuzi wa vidonge vya kupima kwa mkono. Hofu hiyo ina msingi. Lakini imani iliyojengwa juu ya neno “salama” huanguka siku mtoto anapokufa, na huanguka pamoja na zahanati nzima. Uholanzi, ambako tangu 1992 watumiaji wa mihadarati hupeleka vidonge vyao vipimwe, wahudumu humweleza mtu kilichokutwa na hatari yake, wala hawamwambii kimeruhusika. Ikiwa kijana wa disko anaaminiwa kubeba jibu la nusu, haieleweki kwa nini muuguzi wa Lokichoggio asiaminiwe.

Wengine watauliza: kama kipimo kina mipaka hivi, pesa zake si heri zinunue dawa? Hapana. Bila kipimo hata ile tembe ya chokaa ingepita. Kinachohitaji kubadilika ni mahali pa kuchukulia sampuli: badala ya ghala la jiji, iwe rafu ya mwisho kabla ya Nadapal, mwezi wa Februari, alasiri. Hapo ndipo hesabu inapogoma. Upimaji kamili wa maabara kwa kawaida huponda tembe 20 kwa kipimo cha nguvu peke yake, kabla ya vipimo vingine. Dozi nzima ya AL kwa mtu mzima ni tembe 24. Zahanati iliyobakiwa na pakiti tatu itatoa dozi ya nani?