Kila Mtoto na Ngazi Yake

Watoto, tegeni masikio, maana hadithi hii ni ya kweli.

Mwaka 2010 watu wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipita nyumba kwa nyumba Tanzania. Walibeba karatasi zenye silabi, maneno, aya, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto alisoma papo hapo, nyumbani kwao. Ikabainika kwamba miongoni mwa waliofika darasa la saba, takriban mmoja kati ya watano hakuweza kuisoma hadithi ile. Je, walikuwa wavivu? Anayesema hivyo anawaonea. Mwalimu alikuwa akikimbizana na muhtasari, na aliyekwama kwenye silabi aliachwa nyuma akinakili ubao asiouelewa.

Huko India, shirika la Pratham lilipata dawa. Kwa muda fulani kila siku, madarasa yanawekwa kando. Wa herufi wanakaa na wa herufi, wa maneno na wenzao, wawe wa darasa la tatu au la tano. Hesabu hufundishwa kwa vijiti, kumi kumi vikifungwa bunda. Ukiambiwa 32 toa 17, vijiti viwili havitoshi kutoa saba. Basi unafungua bunda moja, unapata kumi na viwili, unatoa saba, vinabaki vitano kwenye mamoja. Kule kuazima kunakowatoa jasho ubaoni, hapa mnakushika kwa vidole.

Na wazazi? Corona ilipofunga shule mwaka 2020, shirika la Young 1ove la Botswana lilituma meseji za hesabu majumbani, na familia nyingine likazipigia pia simu kila wiki. Mzazi alisikiliza pamoja na mwanawe, wakaifanya hesabu wote wawili. Waliopigiwa simu walipiga hatua. Meseji peke yake hazikufua dafu.

Mimi nasema hivi: mzazi anayeitwa shuleni kwa michango na kesi tu ataliogopa geti. Mwalimu amwambie wazi, “Mama, mwanao anasoma maneno vizuri, aya bado. Kila jioni akusomee mistari mitatu.” Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusikia mjukuu anapokwama.

Nanyi msingoje kuambiwa. Leo jioni msomeeni mtu wa nyumbani ukurasa mmoja, kisha fungeni kitabu mumsimulie mlichosoma. Pale mtakapokwama kusimulia, hapo ndipo pa kumuuliza mwalimu kesho.